Kubadili mada ghafla kwa Kiingereza: kitenzi kipi kinafaa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mara watu wa Mombasa wanapoandika Kiingereza: mtahiniwa aliye katikati ya insha, karani wa chama anayeandika kumbukumbu za mkutano, mfasiri, mtunzi wa hadithi, mtu wa ofisini na barua pepe yake. Kiingereza kina rundo la vitenzi vya mtu kuacha jambo moja na kurukia jingine. Kimaana vinakaribiana, lakini ukikosea hubadilika picha nzima ya aliyesema.

## Ya msingi

Nikitaka kusema tu kwamba mtu alibadili mada ghafla, niandike nini?

Andika *change the subject*. Kinakubalika hadithini, kwenye ripoti, mtihani na barua. *I asked him about the rent and he changed the subject.* Ukitaka ule ughafla uonekane, tia *abruptly* kabla ya kitenzi au mwisho wa sentensi: *he abruptly changed the subject*, au *he changed the subject abruptly*. Zote sawa.

*Change the topic* nayo inakubalika, ila *subject* ndiyo iliyozoeleka zaidi katika maneno haya. *Change the discussion* usiandike.

Wengi huiona *change the subject* ni nyepesi mno, ya watoto, wakakimbilia orodha ya visawe na kurudi na *deviate*. Huko ndiko kwenye hatari. Neno jepesi lililo sahihi halijawahi kumharibia mtu insha, ila neno zito lililokaa vibaya msahihishaji huliona kutoka mbali.

Suddenly na abruptly si kitu kimoja?

Karibu, lakini si pacha. *Suddenly* husema jambo halikutarajiwa. *Abruptly* huongeza ukali kidogo, kama kitu kilichokatika. Mtu akikumbuka habari njema katikati ya maneno na kuitoa, huyo ni *suddenly*. Mtu akikukatiza hujamaliza kumweleza msiba wako akaanza habari za mpira, huyo ni *abruptly*.

Kama *change the subject* inatosha, hivyo vitenzi vingine ni vya nini?

Ni vya kusema zaidi kuhusu yule aliyebadili. Kabla ya kuchagua, jiulize: nani aliyeyasogeza mazungumzo, mtu au yalijisogea yenyewe? Alikuwa na nia gani? Na je, alirudi kwenye jambo la awali au alilitupa moja kwa moja?

Chukua kisa kimoja. Wanaume wako barazani Kibokoni baada ya Isha, kahawa chungu inapita. Mmoja anamuuliza mwenzake, mbele ya watu, lini atalipa zile pesa. Mwenzake ananywa fundo, anasema, "Leo feri ilikuwa na watu, wacha!" Sasa andika kwa Kiingereza alichofanya.

*He changed the subject*: umeeleza kilichotokea, hukumhukumu. *He dodged the question*: umemwita mkwepaji. *He deflected*: bado ni mkwepaji, lakini mwenye ustadi, ameusukuma mkuki pembeni. *He digressed*: umekosea, maana *digress* hudhani mtu alikuwa akieleza jambo lake na akachepuka, na huyu hakuwa ameeleza chochote. *The conversation drifted to the ferry*: umemtetea kabisa, kana kwamba hakuna aliyefanya kitu na maneno yalijiendea yenyewe mpaka Likoni.

Kitenzi, kwa hiyo, ni ushahidi unaoutoa juu ya mtu. Ukiwa huna hakika na nia yake, rudi kwenye jibu la swali la kwanza.

## Kutoka nje ya njia

*Digress* hutumika vipi hasa?

Hutumika kwa msemaji au mwandishi aliyekuwa na hoja, akaiacha kwa muda kueleza jambo la kando. Neno limetoka Kilatini, na maana yake ni kupiga hatua kwenda kando. Kwa kawaida msomaji hutarajia atarudi, ndiyo sababu Waingereza hupenda kusema *but I digress* wanapojishtukia.

Halichukui yambwa. Huwezi *digress the topic*, bali *digress from the topic*. Pia halina ughafla ndani yake. Mwalimu anayeanza na Vasco da Gama kufika Mombasa 1498 na kuishia kwenye bei ya samaki *has digressed*, lakini pengine alikwenda polepole na darasa zima likamfuata kwa furaha.

*Veer*, *swerve* na *lurch* zatofautianaje?

Vyote ni vitenzi vya mwendo vilivyoazimwa kwa mazungumzo, na vyote vina ughafla. Tuktuk inapokuja mbio ikakata usukani kukwepa shimo, hiyo ni *swerve*: kitendo cha mara moja, kuna kitu kinachokwepwa. *The talk swerved away from her divorce.* Msomaji ataelewa kwamba talaka ndiyo shimo.

*Veer* ni kugeuza uelekeo bila lazima ya kuwa na shimo. *The conversation veered into politics.* Mara nyingi hufuatwa na *off*, *into* au *towards*, na mara nyingi kule yalikoelekea ni kubaya au hakukutazamiwa. Lilikuwa neno la vyombo vya baharini na upepo kabla ya kuingia mazungumzoni.

*Lurch* ni kuyumba. Hakuna aliyeshika usukani. *The evening lurched from jokes to accusations.* Litumie kwa nadra, katika hadithi, pale mazungumzo yenyewe yamelewa.

Angalia kitu kimoja: vitatu hivi hupenda *the conversation* au *the talk* kuwa kiima. Ukitaka mtu ndiye atende kwa makusudi, chukua *steer*: *she steered the conversation away from money*. *Steer* lakini ni taratibu, mkono uko imara. Haiendi vizuri na *abruptly*.

Na *drift*, *wander*, *ramble*?

Hizi si za ghafla. *Drift* ni kuchukuliwa na maji, *wander* ni kuzurura, *ramble* ni kupayuka bila mpango. Ukiandika *he suddenly rambled* unampa msomaji watu wawili kwa mmoja.

Nimeona *segue*. Hutamkwaje, na ni ya ghafla?

Hutamkwa "segwei", silabi mbili. Imetoka Kitaliano, kwenye muziki, kwa maana ya "yafuata", yaani kipande kinachofuata kianze bila kusimama. Kwa hiyo ni kinyume cha ghafla: ni kuunganisha mada moja na nyingine hata mshono usionekane. *She segued from the weather into the price of mangoes.* Wakati uliopita ni *segued*. Ukiandika *segway* umeandika jina la kile kigari cha magurudumu mawili kilichozinduliwa 2001.

Kuna watu husema *an abrupt segue* kwa mzaha, wakiwa wamejua wanapingana na neno. Kama hufanyi mzaha, usiandike.

Kuna kitenzi cha *tangent*?

Hakuna kinachotumika. Husemwa *go off on a tangent*, na Waingereza wengi husema *go off at a tangent*. Kina ughafla na kejeli kidogo. Kwenye hadithi na mazungumzo kinafaa, kwenye ripoti hapana.

## Kukwepa swali

*Dodge*, *duck*, *sidestep*, *evade*, *avoid*: nichague ipi?

Hapa tofauti ni ya heshima na uzito. *Avoid* haina ukali. *Sidestep* ni kupiga chenga safi, hata mpinzani aweza kupiga makofi. *Dodge* ni ya mazungumzo ya kawaida na ina lawama. *Duck* ni ya mtaani zaidi na ina harufu ya woga, mtu ameinamisha kichwa kombora lipite. *Evade* ni nzito, ya mahakama na kodi. Mtu anayefanya hivyo kila mara huitwa *evasive*, neno ambalo watahiniwa wa fasihi wangelitumia zaidi badala ya kuandika sentensi nzima kwamba mhusika hapendi kujibu maswali.

Zote huchukua *the question* au *the issue*. Hazichukui *the subject* vizuri, isipokuwa *avoid*.

Tena, kukwepa swali si lazima kubadili mada. Mtu aweza *dodge* kwa kunyamaza, kwa kucheka, au kwa kuzunguka mbuyu palepale. Kama alikwepa kwa kuleta jambo jipya, ni bora useme yote mawili: *he dodged the question by asking about my mother*.

*Deflect* je?

Ni kupindisha kitu kisikupige. Huchukua *a question*, *criticism*, *blame*, *attention*. *She deflected the question with a joke.* Siku hizi husimama pia peke yake: *you're deflecting*. Hiyo ni lugha ya watu wanaozungumzia hisia na saikolojia. Mtoto wa miaka minane katika hadithi yako asiiseme.

Wanasiasa husemwa *they pivot*. Ni sawa na *change the subject*?

Ni aina yake moja. Mtangazaji anauliza maji ya mfereji yatatoka lini, mgombea anajibu nusu sentensi, kisha: *what the people of this county really want is jobs*. Huyo *pivoted to jobs*. Kitenzi kinataka *to*, na kinasema jambo limepangwa: mtu alikuja na maneno yake mfukoni akatafuta mlango wa kuyatolea.

Kampuni nazo *pivot* zinapobadilisha biashara. Neno limechoka kwa kutumiwa. Kwenye mazungumzo ya nyumbani halina nafasi, shangazi yako ha-*pivot*.

## Mitego ya Kiingereza chetu

Naweza kuandika *he diverted from the topic*?

Husikika sana, lakini *divert* kwa kawaida hutaka kitu kinachogeuzwa: *he diverted the discussion*, *he diverted attention from the accounts*. Pengine vibao vya *diversion* barabarani ndivyo vinavyotuzoesha kudhani dereva ndiye *diverts*, ilhali ni magari yanayogeuzwa. Kwa mtu aliyetoka nje ya mada andika *strayed from the topic*, au *digressed* kama masharti yake yametimia (tazama swali lake hapo juu). *Deviated from the topic* si kosa, ila ni kavu, ya ripoti.

Bosi huandika *I will revert*. Inahusiana na kurudi kwenye mada?

Kwenye ofisi zetu maana yake ni "nitakujibu", na hapa kwetu hueleweka. Kwa wasomaji wa nje ya Afrika Mashariki na bara Hindi yaweza kuwababaisha, kwani kwao *revert* ni kurudi kwenye hali au jambo la awali. Na kwa mazungumzo inafaa kwa maana hiyohiyo: *after ten minutes of football they reverted to the matter of the dowry*. *Revert back* ina kurudi mara mbili, futa *back*.

"Akakata stori" ni *he cut the story*?

La. *Cut the story short* ni kufupisha. Aliyekata stori ili asiendelee nayo *broke off*: *he broke off and pointed at the ship*. Hiki ni kitenzi kizuri ambacho watu hukisahau, na kwa ughafla mtupu hakina mpinzani. Kinasema maneno yalikatika, hakisemi kwa nini.

Na "akabadilisha stori" ni *he changed his story*?

Hapa simama. *He changed his story* maana yake alitoa maelezo tofauti na aliyoyatoa kwanza, kwa hiyo moja ya maelezo hayo mawili ni uongo. Ni maneno ya kituo cha polisi. Kumfasiria mtu "alibadilisha stori" kwa maneno hayo, wakati alichofanya ni kuuliza chai iko wapi, ni kumtia mashakani bila kosa. Andika *he changed the subject*.

*Drop the subject*, *skip the subject*, *change the subject*: ni visawe?

Hapana. *Drop* ni kuacha kulizungumza, hata kama hakuna kilichochukua nafasi. *Skip* ni kuliruka bila kuligusa kabisa. *Change* hutaka mawili: kuna lililoachwa na kuna lililoletwa.

*Change tack* au *change tact*?

*Tack*. *Tact* ni busara ya maneno, haihusiki. *Tack* ni ya baharini: ni upande ambao chombo huchukua kwa mujibu wa upepo. Mabaharia wa majahazi husema kubisha, kwenda upande huu kisha upande ule ili kusonga dhidi ya upepo. Na ukiijua asili hiyo hutakosea matumizi, kwani chombo kinachobisha hugeuka tena na tena lakini bandari ni ileile. Mtu aliye-*change tack* amebadili njia, hajabadili anachokitaka. Aliomba mkopo kwa kulia, hakupata, akaanza kukusifia viatu. Mada imebadilika, ndiyo, lakini mkopo uko palepale. Kwa mtu wa namna hiyo *change the subject* ingekuwa dhaifu mno.

## Hali za pembeni

Bibi wa hadithi yangu anabadili mada ghafla kwa stara, si kwa kukwepa. Niandikeje asionekane mkorofi?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote ya ukurasa huu. Mjukuu anauliza kwa nini mjomba hakuzikwa makaburi ya familia. Bibi anasema, "Tuyaate hayo, mwanangu. Ushakula?" Kwetu hapo hakuna ujeuri. Bibi amesitiri, na mjukuu amepewa sahani ya mbaazi pamoja na onyo.

Ukiandika *she abruptly changed the subject*, msomaji wa Kiingereza ataona mlango umebamizwa. *Deflected* inamfanya mjanja. *Evaded* inampeleka kizimbani. *Gently steered* ina upole, lakini haisemi ukweli, kwani hakusukuma taratibu, alikata.

Ushauri wetu ni kuacha kitenzi maalumu. Mpe maneno yake na *said*:

*"Leave that, my child," she said. "Have you eaten?"*

Msomaji ataona mwenyewe mada imebadilika, tena ghafla, na upole wake atausikia kwenye lile swali la chakula. Kama unahitaji msaada kidogo, mpe mikono kazi: *she said, reaching for a plate*. Ukiongeza *changing the subject* baada ya hapo unamweleza msomaji alichokwisha kukiona.

Basi maneno *she said, changing the subject* hayafai kabisa?

Yanafaa pale ambapo mada mpya yaweza kudhaniwa kuwa jibu. *"Is he married?" "His brother lives in Nyali," she said, changing the subject.* Bila kidokezo msomaji angebaki akisubiri huyo ndugu ana uhusiano gani na ndoa. Koma hukaa baada ya *said*.

Naandika kumbukumbu za mkutano. Mwanachama mmoja alileta habari ya mazishi katikati ya hesabu za fedha.

Kumbukumbu hazina haja ya kuonyesha ughafla. Andika *A member raised the matter of funeral contributions*, na kama mwenyekiti aliahirisha, *The chair asked that it be taken under any other business*. Mkutano ukihamia ajenda nyingine, *the meeting moved on to* inatosha. *Hijacked* na *derailed* ni vya kulalamikia nyumbani. Kati ya hivyo viwili, *hijack* ni makusudi, na *derail* yaweza kuwa bahati mbaya tu: hata mvua juu ya bati yaweza *derail a meeting*.

Nafasiri maelezo ya shahidi kutoka Kiswahili. Hajibu swali, anasimulia jambo jingine. Niseme *the witness evaded the question*?

Ukiwa mfasiri, fasiri alichosema, hata kama hakihusiani. Kuamua kwamba amekwepa si kazi yako, ni ya mawakili na hakimu. Ukilazimika kueleza kilichotokea kwa maneno yako katika ripoti, *the witness did not answer and spoke instead about the boat* haina ubishi.

*Interrupt* nayo ni kubadili mada?

Si lazima. Mtu aweza kudakia ili aongezee jambo lilelile, na huyo *chimed in*. *Cut in* na *butt in* ni kukatiza, *butt in* ikiwa na ukosefu wa adabu. Hakuna hata kimoja kinachosema mada ilibadilika mpaka wewe uongeze: *he cut in to ask about the match*.

Kwenye barua pepe, nabadilije mada bila kumshtua msomaji?

Hapo huhitaji kitenzi. *On a different note* inatosha kuanzia aya. *By the way* ni ya mambo madogo, usiitumie kutangaza kwamba mshahara utachelewa.

Mhusika wangu anaacha Kiingereza na kuingia Kiswahili ili kukata maneno. *She switched* yatosha?

Haitoshi, na kwa hadithi ya Mombasa ni lazima ufafanue, kwani hapa mtu hubadili lugha mara kadhaa kabla hajafika kituo cha matatu. *She switched topics* ni mada. *She switched to Kiswahili* ni lugha, na mada huenda ni ileile, mara nyingi ikiwa imezidi kuwa kali. Kama vyote vilibadilika kwa pamoja, viandike vyote: *she switched to Kiswahili and asked the driver to stop*.